Kupanua na Kupunguza Patisheni za Diski Bila Kupoteza Faili: Mwongozo Kamili kwa Kompyuta ya Nyumbani

Kompyuta nyingi zilizomo majumbani hapa Uganda zilianzia kazi mahali pengine. Ni HP EliteBook, Dell Latitude au Lenovo ThinkPad iliyotumika ofisini ng'ambo kwa miaka kadhaa, ikauzwa, ikafika Kampala, ikapigwa Windows upya dukani, ndipo ikaja kwako. Aliyepiga Windows ndiye aliyeamua diski igawanywe vipi katika sehemu zake, yaani patisheni, ambazo Windows huziita kwa herufi kama C na D, na kwa kawaida mnunuzi haulizwi.

Matokeo yake ni shida za aina mbili. Kuna nyumba ambayo diski yote ni C peke yake. Humo mna Windows, picha za kwanjula, hesabu za duka na kazi za miradi za watoto wa sekondari, vyote pamoja, na siku fundi atakapopiga Windows tena vitafutika vyote. Nyumba ya pili C ilipewa GB 60 na D ikapewa zilizobaki. Sasa C imekuwa nyekundu, masasisho yanagoma kuingia, kompyuta inakokota miguu, na D ina nafasi tele isiyotumika.

Shida zote mbili zinatibika nyumbani bila kununua programu yoyote. Lakini shika jambo moja, kwa sababu ndilo litakaloamua njia utakayofuata: chagua kila mara njia inayohamisha data kidogo kuliko zote. Kukata mwisho wa patisheni kwa kawaida ni kazi ya dakika chache. Kusogeza mwanzo wake ni kazi ya saa nyingi, maana yote yaliyomo hunyanyuliwa na kupelekwa mahali papya. Umeme ukikatika katikati ya kazi hiyo, sehemu ya data inabaki mahali pa zamani, sehemu imeshahama, na Windows haiwezi kuzisoma zote mbili kama kitu kimoja. Kwetu, ambako umeme huondoka bila kuaga, kazi ndefu ni hatari kwa urefu wake tu.

Soma kwanza ramani ya diski yako

Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi X, kisha chagua "Disk Management". Ukipenda, bonyeza Windows na R, andika diskmgmt.msc, halafu Enter. Sehemu ya chini ya dirisha utaona "Disk 0" na visanduku vilivyopangwa kutoka kushoto kwenda kulia. Huo mpangilio ndio mpangilio halisi wa patisheni ndani ya diski, na una maana kubwa kwa kazi hii.

Kushoto kabisa huwa pana kisanduku kidogo cha "EFI System Partition", mara nyingi cha MB 100, au "System Reserved" kwenye mashine za zamani. Kompyuta inapowaka huanzia hapo. Usikiguse kwa sababu yoyote. Kinachofuata ni C, kisha mara nyingi "Recovery Partition" (yenye zana za kukarabati Windows) ya MB 500 hadi GB 1 hivi, kisha D kama ipo. Sehemu yenye mstari mweusi iliyoandikwa "Unallocated" ni nafasi ambayo haijapewa patisheni yoyote.

Usishtuke diski ya GB 500 ikisomeka 465. Mtengenezaji huhesabu GB moja kuwa baiti 1,000,000,000, ilhali Windows huihesabu kuwa baiti 1,073,741,824. Diski ni ile ile.

Sasa bonyeza kitufe cha kulia cha mausi juu ya neno "Disk 0", chagua "Properties", kisha "Volumes", usome palipoandikwa "Partition style". Ikiwa ni GPT, Windows inakuruhusu hadi patisheni 128, kwa hiyo huna la kuhofia upande huo. Ikiwa ni MBR, mwisho ni patisheni kuu 4. Ukijaribu kuongeza ya tano, Windows inaweza kukuuliza kama unataka diski igeuzwe kuwa "dynamic". Jibu hapana. Kuirudisha kuwa ya kawaida kwa njia za Windows kunadai ufute kila kilichomo.

Kabla ya kufunga dirisha hilo, lipige picha kwa simu. Mambo yakienda kombo, picha hiyo itakuonyesha kila patisheni ilikuwa wapi na ilikuwa na ukubwa gani.

Diski mgonjwa haifanyiwi kazi hii

Diski iliyotumika miaka saba au minane inaweza kuwa imechoka bila wewe kujua. Pakua CrystalDiskInfo, programu ndogo ya bure, uifungue. Ikionyesha "Good" kwa rangi ya buluu, endelea. Ikionyesha "Caution" kwa njano, angalia hasa mistari ya "Reallocated Sectors Count" na "Current Pending Sector Count". Wa pili ndio unaonitia wasiwasi zaidi, kwa kuwa unahesabu sehemu ambazo diski imeshindwa kuzisoma. Katika hali hiyo usibadilishe patisheni. Nakili faili zako sasa hivi, kisha nunua diski nyingine. Kugawanya diski inayokufa ni kuiharakisha.

Diski ikiwa nzima, kagua mpangilio wa faili. Tafuta "cmd" kwenye menyu ya Start, bonyeza kitufe cha kulia, chagua "Run as administrator", uandike:

chkdsk C: /f

Itakuuliza kama ifanye kazi wakati wa kuwaka tena. Andika Y, uwashe kompyuta upya. Kama una D, ifanyie vivyo hivyo. Usiongeze /r bila sababu, kwani hiyo husoma uso mzima wa diski na kwenye diski ya kuzunguka inaweza kula nusu siku.

Nakala ya akiba, na ile flashi ya sokoni

Nakili faili zote unazozihitaji kwenye diski ya nje kabla ya hatua nyingine yoyote. Hata kwa kazi ndogo ya dakika tano. Mtu asikuambie kwamba njia yake ni salama kiasi cha kutohitaji nakala.

Ila angalia unanakili wapi. Masoko yetu yana flashi zilizoandikwa GB 512 au TB 1 ambazo ndani yake mna GB 16 au 32. Zimechezewa ili zijitangaze kubwa. Unanakili faili zako zote, majina yanaonekana, na siku unapozifungua zile zilizozidi uwezo halisi ni takataka tupu. Ipime kwanza kwa H2testw, programu ya bure inayoijaza flashi yote kisha kuisoma tena kuona kama kilichoandikwa ndicho kinachorudi. Kwa watumiaji wa Linux kuna F3 inayofanya kazi hiyo hiyo. Kipimo huchukua muda, na kinahitaji flashi iwe tupu.

Ukishanakili, fungua faili kadhaa kutoka kwenye nakala yenyewe: picha, hati, video moja hadi mwisho wake. Kuona majina ya faili hakutoshi.

Umeme: Yaka, mawingu na betri

Laptopu zilizotumika nyingi zina betri zisizofikisha nusu saa. Chomoa chaja uone inakaa muda gani kabla ya kuianzishia kazi. Kompyuta ya mezani ni lazima iwe na UPS (kisanduku cha betri ya akiba), au iunganishwe kwenye inveta ya sola ambayo unajua betri yake imejaa.

Kama unatumia mita ya Yaka, soma yuniti zilizobaki kabla ya kuanza. Linasikika kama jambo dogo, lakini yuniti zinaweza kwisha saa ile ile ambayo diski haitakiwi kuguswa, tena usiku, na salio la simu halipo. Nunua tokeni mapema.

Chagua pia majira ya siku. Ukanda wa Ziwa Victoria una radi nyingi mno, na katika miezi ya mvua, Machi hadi Mei na tena Septemba hadi Novemba, mawingu hujikusanya sana alasiri. Mimi ningeanza saa tatu asubuhi siku kavu. Jirani zetu wa West Nile, walioishi miaka mingi nje ya gridi ya taifa, hawahitaji kufundishwa haya: kazi isiyokatizika huanzishwa umeme ukiwa umetulia, au haianzishwi.

Kama diski imefungwa kwa BitLocker

Windows 11, na baadhi ya mashine zenye Windows 10, huweza kusimba diski bila kukuuliza, yaani kuifunga kwa ufunguo wa siri; kufuli hilo ndilo BitLocker. Kwenye lile dirisha la cmd andika:

manage-bde -status

Ukiona "Protection On" mbele ya C, una kazi ya ziada. Pata ule ufunguo wa tarakimu 48 kabla ya kitu kingine chochote. Kwa mashine ya mkono wa pili hapa pana mtego: ufunguo huhifadhiwa kwenye akaunti ya Microsoft ya mtu aliyeiwasha mashine kwa mara ya kwanza. Kama muuzaji aliingia kwa akaunti yake mwenyewe, ufunguo uko kwake, wala hutampata usiku wa manane. Habari njema ni kwamba maadamu Windows inawaka, unaweza kuusoma mwenyewe:

manage-bde -protectors -get C:

Uandike kwenye daftari, si ndani ya kompyuta hiyo hiyo. Kisha simamisha ulinzi kwa muda:

manage-bde -protectors -disable C: -rc 0

Ukimaliza kazi yote, urudishe kwa kuandika -enable mahali pa -disable, bila ile -rc 0. Kwa wale watakaotumia GParted, programu ya bure ya kugawanya diski inayowashwa kutoka kwenye flashi na nitakayoieleza chini, kusimamisha hakutoshi. Ni lazima usimbaji uondolewe kabisa kwenye "Settings" na usubiri hadi umalizike, kwani GParted haiwezi kubadilisha ukubwa wa patisheni iliyofungwa.

Kazi ya kwanza: kukata C na kuunda D

Hii ndiyo kazi nyepesi, na ndiyo ninayoihimiza kwa kila nyumba yenye C peke yake. Ukiwa na D, fundi anaweza kupiga Windows upya juu ya C na picha zako zisiguswe. Tangu msaada wa Windows 10 ulipokoma tarehe 14 Oktoba 2025, watu wengi wanapeleka mashine zao kupigwa Windows 11, na wengi wao wanapoteza faili ambazo D ingeziokoa.

Fungua "Disk Management", bonyeza kitufe cha kulia juu ya C, chagua "Shrink Volume". Kompyuta itafikiri kidogo, kisha ilete dirisha lenye namba. Hapa ndipo watu wanapokosea: namba unayoandika ni kiasi cha *kuondoa* kwenye C, si kiasi cha kubakiza. Tena ni kwa MB. Kupata GB 1, zidisha kwa 1024. Ukitaka D ya GB 300, andika 307200.

C ibaki na kiasi gani? Windows 11 inadai diski ya GB 64 kwa uchache, lakini huo ni uchache wa kuingia tu, si wa kuishi. Masasisho makubwa, programu, na faili za muda hula GB nyingi zaidi. Kwa diski ya GB 500 mimi nabakiza C ya GB 150. Kwa SSD (diski isiyozunguka) ya GB 256, nabakiza 120. Kwa SSD ya GB 128 sigawanyi kabisa. Utakuwa umetengeneza vyumba viwili vyote vimebana, na diski ya nje itakufaa zaidi.

Bonyeza "Shrink", subiri, na usizime hata kama inaonekana imekwama, maana huenda inahamisha faili zilizokaa mwishoni. Kitatokea kisanduku cheusi cha "Unallocated". Kibonyeze kwa kitufe cha kulia, chagua "New Simple Volume", kubali ukubwa unaopendekezwa, herufi D, mfumo NTFS, jina upendalo, na uache tiki kwenye "Quick format".

*Windows ikisema haiwezi kukata zaidi*

Una GB 300 tupu, lakini Windows inakupa GB 20 tu za kukata. Tatizo hili ni la kawaida sana. Sababu ni faili ambazo Windows haiwezi kuzisogeza ikiwa inatumia: hiberfil.sys ya usingizi mzito, pagefile.sys ya kusaidia RAM, na kumbukumbu za "System Restore". Moja ikikaa katikati ya diski, mpaka unaishia hapo.

Ziondoe kwa muda. Kwenye cmd ya msimamizi andika powercfg /h off. Kisha Windows na R, andika sysdm.cpl, nenda "Advanced", chini ya "Performance" bonyeza "Settings", "Advanced" tena, "Change", ondoa tiki ya juu, chagua "No paging file", bonyeza "Set". Rudi kwenye sysdm.cpl, "System Protection", "Configure", uzime ulinzi wa C. Jua kwamba sehemu za kurudia za zamani zitafutika. Washa kompyuta upya, ujaribu tena.

Bado inakataa? Fungua "Event Viewer", "Windows Logs", "Application", utafute tukio namba 259. Windows huandika hapo jina la faili lile lile lililozuia mpaka. Wengi hawaijui njia hii, wakaishia kulipia programu za kukisia.

Ukishakata, rudisha pagefile na ulinzi wa C kama vilivyokuwa. Usingizi mzito unaurudisha kwa powercfg /h on ukiuhitaji.

*Kuipa D kazi*

D tupu haiokoi chochote. Bonyeza kitufe cha kulia juu ya folda ya "Documents", "Properties", "Location", andika D:\Documents, bonyeza "Move", ukubali faili zihamishwe. Fanya hivyo kwa "Pictures", "Videos" na "Downloads". Kuanzia hapo kila kinachohifadhiwa kwenye folda hizo kinaenda D chenyewe.

Na siku ya kupiga Windows mwambie fundi waziwazi, mbele ya mashine: fomati C tu. Kwenye orodha ya patisheni ya kisakinishi cha Windows mafundi wenye haraka hufuta zote ili waanze upya, na D huenda nayo. Tena D si nakala ya akiba. Iko kwenye diski ile ile, na diski ikifa zinakufa zote.

Kazi ya pili: C nyekundu, D ina nafasi

Kabla ya kugusa patisheni, jaribu kusafisha. Nenda "Settings", "System", "Storage", "Temporary files". Kama mashine ilipandishwa Windows karibuni, "Previous Windows installation" peke yake yaweza kuwa zaidi ya GB 10. Ile powercfg /h off huachia GB kadhaa, kwa kuwa ukubwa wa hiberfil.sys hufuata ukubwa wa RAM. Hamisha folda zako kwenda D kama nilivyoeleza hapo juu. Mara nyingi hali inatosha kwa haya tu, na ukiwa umefikia hapo simama. Hakuna heshima katika kupanua kisichohitaji kupanuliwa.

Haitoshi? Basi jua jinsi "Extend Volume" inavyofanya kazi. C inaweza kupanuka kuelekea kulia tu, na ni lazima "Unallocated" iguse C yenyewe, kama shamba linavyoongezwa kwa ardhi iliyopakana nalo na si kwa kipande kilicho ng'ambo ya shamba la jirani. Ndiyo maana kukata D kwa "Shrink" hakusaidii: nafasi inayopatikana huwa mwisho wa D, mbali na C, na "Extend Volume" inabaki ya kijivu.

Watu wakiona hivyo hukimbilia programu ya kusogeza D yote kwenda kulia. Mimi nashauri njia nyingine ikiwa una diski ya nje, au unaweza kuiazima kwa siku moja: nakili yote yaliyomo D, ifute D, panua C, unda D upya. Inaonekana ya kikale, lakini tazama tofauti. Unaponakili, ya asili inabaki nzima hadi mwisho. Umeme ukikatika unaanza tena kunakili na hujapoteza kitu. Unaposogeza, kuna saa nzima ambazo hakuna nakala hata moja iliyo kamili.

Chukulia diski ya nje ni E. Kwenye cmd:

robocopy D:\ E:\NakalaD /E /XJ /R:1 /W:1 /XD "System Volume Information" "$RECYCLE.BIN"

Ikimaliza inatoa jedwali. Soma safu ya "FAILED": kwenye mistari ya "Dirs" na "Files" ni lazima iwe 0. Ikiwa si 0, panda juu uone ni faili gani zimekataa, uzishughulikie kabla ya kuendelea. Folda ya NakalaD ikiwa haionekani kwenye E, usiogope. Robocopy ikinakili kutoka mzizi wa diski hurithi alama ya kufichwa. Andika attrib -h -s E:\NakalaD itokee.

Sasa, kwenye "Disk Management", bonyeza kitufe cha kulia juu ya D, "Delete Volume". Ikiwa ya kijivu, huenda pagefile imewekwa D; iondoe kama nilivyoeleza. Kwenye diski za MBR, D inaweza kuwa ndani ya fremu ya kijani. Ukiifuta inabaki "Free space" ya kijani hafifu, nayo C haiwezi kuichukua. Futa na hiyo, hadi uone mstari mweusi.

Kama mstari mweusi unagusa C, bonyeza C, "Extend Volume", andika MB za kuongeza, umalize. Unda D mpya kwa nafasi iliyobaki, na uipe herufi D ile ile ili programu zilizokuwa zikiitafuta D ziikute. Kisha rudisha faili zako.

*"Recovery Partition" ikikaa katikati*

Hili litakukuta kwenye mashine nyingi. C, kisha Recovery, kisha nafasi nyeusi. Disk Management haina uwezo wa kusogeza. Hapa ndipo GParted inapostahili, kwa kuwa kinachosogezwa hakifiki hata GB 1 au kinaizidi kidogo, kazi ya dakika chache. Kwanza ndani ya Windows andika reagentc /disable, ambayo huirudisha faili ya ukarabati kwenye C. Kwa GParted sogeza Recovery kwenda kulia hadi nafasi nyeusi iguse C, rudi Windows, andika reagentc /enable, kisha reagentc /info. Ni lazima isomeke "Enabled".

Ukiwa hapo, iongezee Recovery nafasi ifikie GB 1. Januari 2024 sasisho la Windows 10 liitwalo KB5034441 liligoma kwenye kompyuta nyingi kwa sababu tu patisheni hiyo ilikosa MB 250 za wazi.

GParted, kwa wale wasio na njia nyingine

GParted Live ni faili isiyofikia GB 1, kwa hiyo bando la usiku linatosha. Iandike kwenye flashi kwa programu ya Rufus. Kabla ya kuzima Windows, hakikisha umeandika powercfg /h off, kisha zima kwa:

shutdown /s /f /t 0

Bila hivyo "Fast Startup" huiacha Windows nusu usingizini, na GParted itakataa kuigusa C. Ikikataa, inakulinda, usitafute njia ya kuilazimisha.

Washa mashine ukibonyeza F12 kwa Dell na Lenovo, au Esc kisha F9 kwa HP, uchague flashi. Ndani ya GParted chagua diski sahihi kona ya juu kulia. Tazama ukubwa wake, usije ukafanya kazi kwenye flashi. Bonyeza patisheni, "Resize/Move", buruta kisanduku, uache "Align to" kwenye MiB. Hakuna kinachofanyika hadi ubonyeze "Apply", kwa hiyo pitia orodha ya chini kwa utulivu.

Ukilazimika kusogeza D nzima, punguza kwanza ukubwa wake hadi karibu na data iliyomo, kisha isogeze. Patisheni ya NTFS hunakiliwa yote, pamoja na sehemu tupu, na kila GB unayoikata kabla ya kusogeza ni muda unaouokoa. Diski ya kuzunguka ikihamisha MB 30 kwa sekunde, GB 200 ni karibu saa mbili. Hizo ndizo saa mbili za kuwa na UPS.

Wa Linux: patisheni ya ext4 hupanuka hata ikiwa inatumika, lakini hupunguzwa ikiwa imeshushwa tu, kwa hiyo tumia flashi. Zima swap kwa "Swapoff" kama imewaka. XFS haipunguzwi kwa GParted; nakili, futa, unda upya.

Mambo yakienda kombo

Umeme ukikatika wakati Windows inakata C, kwa kawaida chkdsk C: /f baada ya kuwaka hurekebisha. Ukikatika GParted ikiwa inasogeza, ni kesi nyingine: patisheni hiyo usiitumie tena kama ilivyo. Iunde upya, urudishe kutoka kwenye nakala ya akiba.

Patisheni ikipotea kabisa, au Windows ikikuomba kuifomati, jibu hapana na uache kuandika chochote kwenye diski hiyo. Usimruhusu mtu aipige Windows "kuona kama itarudi". Washa kwa ile flashi ya GParted Live, fungua terminali, andika sudo testdisk, programu ya kutafuta patisheni zilizopotea. Chagua diski, kubali aina ya jedwali inayopendekezwa, "Analyse", "Quick Search". Ikikuletea orodha, linganisha ukubwa na ile picha uliyopiga kwa simu. Bonyeza P juu ya patisheni uone kama faili zako zinaorodheshwa. Zikionekana, nakili muhimu kwa kubonyeza kitufe cha herufi c kwenda diski ya nje kwanza, ndipo uchague "Write". Zisipoonekana, jaribu "Deeper Search" kabla ya kukata tamaa, na hadi hapo diski hiyo isiandikwe hata herufi moja.